Vipande vya Kikapuni

Gauni liligoma kiunoni. Fundi alivuta zipu, akaivuta tena, ingawa alijua fika kwamba haitapanda. Ni yeye aliyelikata dogo, na alilikata makusudi.

Dada yake mkubwa alisimama mbele ya kioo cha chumba cha kushonea, mikono juu, mnene vilevile kama siku zote, hana presha. Mchana huo alikuwa anamwoza binti yake, na ni yeye wa kumwingiza ukumbini.

"Mdogo wangu, tepu yako inaumwa?"

Fundi akaiachia zipu. "Nilipunguza kidogo, dada. Nilidhani mpaka leo utakuwa umepungua. Nilitaka kukupa moyo. Mama wa bwana harusi na wenzake wana midomo, unawajua."

"Kwa hiyo hukunishonea mimi. Umemshonea mtu ambaye hajaja."

Fundi alingoja machozi. Wateja wake wanene huomba radhi wakipimwa, wanabana tumbo mpaka pumzi zinawaishia. Huyu hakuwahi kubana kitu. Utotoni ndiye aliyembeba fundi mgongoni, na mgongo ule ulikuwa mpana na wa moto, fundi akilala hapo hasikii hata mvua. Na mgongo huohuo ndio aliotaka kuufinya kwenye gauni. Aliona haya.

"Vipande ulivyonikata viko wapi?"

"Kikapuni, kwenye mabaki."

"Nirudishie."

Fundi akafumua mishono ya ubavuni, akavipachika vipande palepale vilipotoka. Zipu ikapanda yenyewe. Mishono mipya ilionekana waziwazi, akachukua lesi aifunike. Dada akamsogeza mkono.

"Acha. Tutachelewa."

Mlangoni mwa ukumbi, mama wa bwana harusi alimkagua juu mpaka chini. "Mwenzangu, naona umeongezeka."

"Sijaongezeka. Kuna mtu alinipunguza, nikamwambia arudishe."

Wanawake wa meza ya karibu waliangua kicheko, na mama wa bwana harusi mwenyewe akashindwa kujizuia. Dada akamshika binti yake mkono, akapita katikati ya meza polepole kama mwenye ukumbi. Watu wakasogeza viti. Nyuma yake fundi alikaza macho kwenye ile mishono. Ilishika.

Harusi ilipopita, siku ya kufungua tena duka lake la ushonaji, mteja wa kwanza alisimama kupimwa, akabana tumbo. Fundi akashusha tepu.

"Pumua kwanza," alisema. "Nakungoja."