Nukta Nyeusi Kwenye Kromosomu ya Tisa

Lorna Wojcik akishaamini jambo, hanyamazi. Kipupwe chote kile cha Milwaukee aliwachosha wenzake wa maabara kwa maneno yaleyale: kipokezi kinachozifanya chembe sahani za damu zishikane na kuziba jeraha kina vipande viwili, na jeni za vipande hivyo, aliapa, zote zinakaa kwenye kromosomu ya kumi na saba.

"Majirani, ukuta kwa ukuta," alisema.

"Majirani wapi!" alimcheka Garth Lindqvist, aliyekuwa akifanya kazi naye meza moja. "Moja iko kwake, nyingine imeolewa mbali."

Jeni ya kwanza walikwishaiona kwenye ile ya kumi na saba. Ya pili ilibaki. Lorna alitandaza kromosomu kwenye vioo, akazimwagia kipande cha jeni hiyo kilichotiwa mionzi, akavipaka vioo dawa ya picha na kuvifungia gizani ndani ya friji. Mahali jeni ilipo, kipande kile kingenasa, na mionzi yake ingeacha nukta nyeusi. Baada ya hapo ni kusubiri tu, na Garth hakuumbiwa kusubiri.

Siku vioo vilipotoka, Lorna alipiga picha za kwanza, akaziacha zikauke, akaenda kuchukua kahawa. Aliporudi alikuta nukta zimejaa juu ya kromosomu ya tisa. Kwenye ya kumi na saba zilikuwa chache tu.

"Pole, dada," Garth alisema kwa huruma ya uongo. "Ndiyo sayansi."

Lorna aliinama karibu zaidi. Kidole chake, kilicholowa kahawa, kikagusa picha, na nukta moja ikajivuta kama mkia wa panya. Wino! Akamtazama Garth kwa pembe ya jicho. Jamaa alikuwa anajiuma mdomo asicheke.

Basi na yeye akavaa uso wa msiba.

"Bahati nzuri nilimwahi Daktari Stensrud," alisema, akishusha pumzi. "Nimemwambia ni ya tisa. Anaondoka sasa hivi kwenda uwanja wa ndege, kesho atautangazia mkutano mzima kule Toronto."

Garth aligeuka rangi. "Umemwambia?"

"Si ndiyo sayansi?"

Garth hakungoja koti. Lorna alisogea dirishani akamwona akikata theluji kwa viatu vya maabara, akiteleza, akiinuka, akipunga mikono kama anayefukuza nyuki. Daktari Stensrud, mkuu wao, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa gari.

"Daktari, usiseme! Ya tisa ni uongo! Ni wino, mimi ndiye nimechora!"

Mzee alimtazama tangu kichwani hadi kwenye soksi zilizolowa. "Ya tisa gani?"

Hapo ndipo Garth alipojua kuwa hakuna aliyeambiwa chochote, na kwamba amekwenda kujishtaki kwa miguu yake mwenyewe. Juu dirishani Lorna alikuwa amejishika mbavu.

"Utahesabu nukta zote pamoja na Lorna," alisema Daktari akiwasha gari, "na wino uuache nyumbani."

Wakahesabu, kioo baada ya kioo, moja kwa moja kwenye hadubini. Kufika kesho yake mchana hata Garth alikuwa ameacha kubisha: nukta zilijikusanya kwenye ile ya kumi na saba, mahali palepale zilipokusanyika za jeni ya kwanza. Lorna, aliyekuwa amelisema jambo hilo miezi na miezi, alizihesabu tena za kioo cha mwisho. Aliendelea kutazama tu, macho yakimlengalenga.

Simu ikalia. Ilikuwa Toronto.

"Ni majirani, Daktari!" Lorna alipaza sauti. "Ukuta kwa ukuta!"

Garth akamnyang'anya mkono wa simu. "Daktari, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia tangu mwanzo!"