Mkeka wa Miiba

Mume wangu Enock aliishi na mimi miaka kumi na tisa bila kusema neno lolote juu ya mapaja yangu. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka mnada wa Ikungi na mkeka wa miiba, akasema ni wa kuondoa vishimo vya mapajani, sikumwambia asante. Nilijiuliza ni nani aliyemfundisha kuyatazama.

Mimi ni Asnath, ingawa hapa Kiomboi wengi wananiita Mama Eliana. Nafuga kuku na kuwauza. Nina hasira za karibu, sikatai, na nikishashika jambo siliachi. Lakini mjinga siyo.

Mwaka ulikuwa tisini na sita. Serikali ilishaacha kila mtu alete anachotaka, na minada ikajaa vitu ambavyo mama zetu hawakuvijua: sabuni za kung'arisha uso, dawa za kukuza hiki na kupunguza kile, na wachuuzi wenye vipaza sauti vya betri waliojua magonjwa yako kabla hujafungua mdomo. Mkeka wenyewe ulikuwa kitambaa cha bluu kilichoshonewa vidude vya plastiki vya duara, na kila kidude kilikuwa na miiba midogo mingi. Ulikuja na karatasi yenye picha mbili za paja la mzungu, moja lina vishimo kama ganda la chungwa, la pili laini kama limepigwa pasi. Chini waliandika Kiswahili cha kubabaisha: "Lala juu dakika ishirini kila siku. Damu itaamka na paja litafurahi."

"Mchuuzi kasema wanawake wa mjini wote wanautumia," Enock alisema huku akitazama pembeni. "Nikaona nikuletee na wewe."

"Wanawake gani wa mjini?"

"Si hao wa mjini."

"Umeyaona mapaja yao?"

Akacheka kidogo, akachukua ndoo akaenda kuoga.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu nilikuwa nayahesabu tangu mwezi wa pili. Enock alikuwa dereva wa lori la Mzee Yohana, akipeleka alizeti na vitunguu Singida. Siku zote alivaa viatu vyeusi vya kamba, alivyozoea tangu alipokuwa dereva wa shirika la umma. Ghafla akaviacha, akaanza kuvaa ndala. Dereva mtu mzima, ndala! Mwanaume anayekwenda mjini na ndala ana mahali anapotaka kuvua haraka. Hilo moja. La pili, kitandani aligeukia ukutani na kubaki hivyo hivyo mpaka asubuhi, miezi mitatu mizima. La tatu nililetewa na Elisha, fundi magari, rafiki yake wa siku nyingi aliyetusimamia hata harusi yetu. Alipita kununua kuku akasema, bila ubaya wowote, "Shemeji, juzi nililiona lori la jamaa limesimama njia panda ya Misigiri. Nikapiga honi, hakuna mtu ndani. Nimerudi baada ya saa nzima, bado lipo."

Saa nzima Misigiri, na ndala miguuni. Wewe ungefikiri nini?

Hata hivyo nililala kwenye ule mkeka. Niliogopa kumpoteza mume wangu, nasema wazi. Nilifunga mlango mchana, nikapandisha kitenge, nikalaza mapaja juu ya miiba. Mwanzoni nilitaka kupiga kelele. Baadaye maumivu yakageuka joto. Nilipoinuka na kujitazama kwenye kioo, vishimo havikuwapo. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, imejaa. Moyo ulinidunda kama wa msichana. Nikaenda kusonga ugali, na ugali ulipoiva nikajitazama tena. Vishimo vyote vilikuwa vimerudi kukaa mahali pao.

Nikajua dawa yake. Nilipiga hesabu ya saa anazorudi, nikawa nalala kwenye miiba dakika za mwisho kabisa ili anikute mapaja yakiwa bado laini. Majuma mawili nilijichoma hivyo. Enock alikula, akasema pole na kazi, akageukia ukutani. Nililia kwa hasira, nikalia na kwa aibu, maana mapaja yangu yaliwaka moto na hakuna aliyeyatazama.

Kisha siku moja nikautafuta mkeka nisiuone. Niligeuza nyumba juu chini. Jioni Enock akashuka kwenye lori na gunia lililokunjwa kwapani, akaingia nalo chumbani harakaharaka. Nilipolifungua alipokwenda kuoga, ndani ulikuwamo mkeka. Mkeka wa mapaja yangu ulikwenda Singida bila mapaja yangu! Basi mapaja ya nani yaliulalia? Sikuhitaji shahidi mwingine. Alininunulia mimi ili apate kisingizio, halafu anampelekea mwenyewe hasa.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Yohana. Nilimkuta dukani kwake, amekaa kwenye gunia la chumvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Eliana. Karibu. Kuna shida?"

"Mzee, mchunguze dereva wako. Lori lako linasimama Misigiri saa nzima, na yeye hayumo ndani. Muulize huwa anafanya nini pale."

Hakuuliza nimejuaje. Alinitazama, akasema, "Ahsante, mama. Nitaangalia." Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilijiona nimewashika.

Jumamosi mazoezi ya kwaya yalivunjika mapema, nikafika nyumbani saa saba mchana. Nilisikia sauti kwenye stoo ninakohifadhi mashudu ya kuku, sauti ya mtu anayeguna. Nikashika mwiko. Niliupiga mlango teke ukafunguka, tayari kumwona huyo mwanamke.

Alikuwa Enock peke yake, kifua wazi, amelala chali juu ya mkeka wa miiba. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni. Alijaribu kuinuka akashindwa, ikabidi nimshike mkono nimvute. Mgongo wake wote ulikuwa na alama nyekundu.

"Mgongo, Mama Eliana," alisema. "Tangu mwezi wa pili. Nikikaa kwenye usukani mguu huu unakufa ganzi mpaka kidoleni. Kuinama kufunga kamba za viatu siwezi. Kitandani siwezi kugeuka. Nikifika Misigiri inabidi nishuke, nilale chini nyuma ya gari mpaka utulie."

"Na mapaja yangu?"

"Mchuuzi alisema mkeka unafaa mgongo na mapaja. Ningekwambia mgongo, keshokutwa Kiomboi nzima ingejua. Wewe mdomo wako hauna komeo. Enzi za shirika, dereva akiumwa anapewa karatasi ya daktari, analala nyumbani hata mwezi. Kwa Mzee Yohana ukiumwa wiki moja, mwenzako ameshakalia kiti."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Mume wangu alikuwa anaumwa na mimi nilifurahi mpaka nikacheka, kwa sababu hapakuwa na mwanamke. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi, akasinzia mikononi mwangu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Yohana, na furaha yote ikaniisha.

Ningeweza kumwambia Enock saa ile ile. Ningeweza kurudi dukani na kusema nilidanganywa. Badala yake nilijiambia kwamba wazee husahau. Jumapili jioni Enock akaja anatabasamu. "Tajiri kasema kesho anapanda na mimi mpaka Singida. Nadhani anataka kunikabidhi lile lori jipya." Nikamwambia hongera.

Alirudi Jumatatu jioni kwa basi la abiria. Alikuwa amepita Misigiri bila kusimama, kwa sababu tajiri alikuwa kando yake. Walipofika Singida alishindwa kushuka. Mzee Yohana alizunguka akamfungulia mlango, akamwona ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili na mguu hausogei. Hakugomba. Alisema pole, akaomba ufunguo.

"Kuna mtu kaniuza," Enock aliniambia. "Njiani kaniuliza, 'Huwa unafanya nini Misigiri?' Aliyeniona Misigiri ni Elisha tu. Aliniambia mwenyewe kwamba alipiga honi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilikoroga chai. Wiki nzima sikusema kitu. Elisha alimsalimia kanisani, Enock akampita kama anapita nguzo. Akaniagiza nisimuuzie tena kuku. Akaanza kukumbuka mambo ya miaka ya nyuma, jeki aliyoazima Elisha, neno alilolisema siku ya harusi yetu, na kila jambo likawa ushahidi. Nilimtambua mtu huyo. Alikuwa mimi.

Jumapili iliyofuata Elisha alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema kuna karakana Singida inatafuta mtunza stoo, kazi ya kutembea kidogo na kukaa kidogo, na yeye amelitaja jina la Enock.

"Rudi ulikotoka," Enock alisema. "Unaniuza kwa tajiri, halafu unaniletea kazi?"

"Mimi?" Elisha aliniangalia kana kwamba ningemsaidia kuelewa. "Mimi nimekuuza?"

"Baba Eliana," nikasema, "ni mimi."

Wote wawili wakanigeukia.

"Nilikwenda kwa Mzee Yohana. Nilidhani una mwanamke."

Enock alijishika mgongo, akakaa polepole kwenye kigoda. Hakufoka. Heri angefoka. "Kwa nini udhani hivyo?"

"Kwa sababu ya mkeka. Miaka kumi na tisa hukusema kitu, halafu siku moja ukaanza kuviona vishimo vya mapaja yangu."

Alinitazama usoni, kisha kitenge changu, kisha usoni tena.

"Mapaja yako yana nini?" akasema.

Alikuwa anauliza kweli, mbele ya Elisha.