Miguu ya Doña Nereida

Wimbo wa Yocasta ulitupwa Jumanne saa tisa alasiri, na hakuna aliyemweleza kosa lake.

Kwa Maestro Deogracias Polanco, pale mjini La Vega, desturi ilikuwa moja: merenge mpya, muziki wa dansi wa huko, haipandi jukwaani mpaka mkewe, Doña Nereida, aicheze uani wakati wa mazoezi. Akiinuka, wimbo umepita. Akibaki kitini, mtunzi anarudishiwa karatasi zake. Maestro alikuwa ameongoza bendi miaka thelathini, na nusu ya viongozi wa bendi mjini walipita mikononi mwake, kwa hiyo nani angembishia? Yocasta, mpiga saksafoni mgeni, ndiye aliyewashwa na hamu ya kujua. Wimbo ule ulikuwa umemla miezi minne, na ungekuwa wa kwanza kutungwa na mwanamke katika bendi ile.

Wenzake walipokwenda kunywa kahawa, alimfuata Doña Nereida, aliyekuwa akimenya ndizi mbichi.

"Mama, niambie tu. Ubaya wake uko wapi?"

"Wimbo mtamu, mwanangu. Goti ndilo limekufa. Tangu Kwaresima sijacheza hata mmoja, naye mume wangu anasema watunzi wa siku hizi hovyo."

Yocasta akahesabu vidoleni. Tangu Kwaresima zilikuwa zimetupwa nyimbo saba!

"Sasa si umwambie?"

"Nimwambie, halafu asikie kwa kipi?" Doña Nereida alielekeza kisu kwa Maestro, aliyekaa hatua tatu kutoka hapo, amewapa mgongo. "Hebu mwite."

"Maestro!" Yocasta aliita. Akaita tena, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Mzee hakugeuka.

"Mwaka wa pili huu. Miguu yangu ndiyo masikio yake. Akijua nayo imekwisha, ataivunja bendi."

Yocasta alipandwa na hasira, kisha akamwonea mzee huruma, kisha, Mungu amsamehe, udadisi ukazidi vyote viwili. Hivi kweli mtu anaweza kusikia muziki kwa macho?

Bendi ilipokusanyika, alisimama mbele ya Maestro ili aione midomo yake.

"Doña amechoka leo. Naomba wimbo wangu niucheze mwenyewe."

"Na saksafoni yako?"

"Pabaki pengo."

Mpiga ngoma akacheka. "Haya, malkia wa kiuno, tuone!"

Wakaanza. Ubeti wa kwanza Yocasta alicheza vizuri, wa pili akatabasamu. Wa tatu, mguu ukakosa pa kukanyaga. Akajaribu kuficha kwa kuzungusha nyonga.

Maestro akainua mkono. Bendi ikanyamaza.

"Hapo," alisema, akivinyooshea kidole viatu vya Yocasta. "Umejaza noti mpaka mchezaji hana pa kuvuta pumzi. Toa nusu. Ukizitoa, Jumamosi tunaupiga."

Yocasta akaufungua ukurasa, akausoma taratibu. Ilikuwa kweli. Miezi minne masikio yake mazima hayakuligundua kosa lile.