Mgeni wa Chupa ya Peremende

Mama alikunja kanga, akaifanya ngata, akaiweka kichwani, na juu ya ngata akaisimamisha chupa kubwa ya peremende iliyojaa maji ya kijivu. Ndani ya maji hayo alikuwamo samaki mmoja mwekundu ambaye mkia wake ulikuwa umefumuka kama pindo la gauni la kuazimwa.

"Twende," aliniambia. "Mtu akiuliza, nijibu mimi. Wewe funga mdomo."

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda na mtaa wetu wa Kashai wote uko nje. Wanawake walikuwa vibarazani wakimenya ndizi, na kila kisu kilisimama tulipopita. Mama alitembea wima, mkono mmoja kwenye chupa, maji yakicheza na kumdondokea begani. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa nimeangalia vidole vya miguu yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Wakati ule nilidhani naona aibu kwa sababu ya samaki.

Lakini nimeanzia katikati, na samaki huyu alikuwa na mwanzo mzuri.

Baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Tata kama walivyoitwa baba wote wa Kihaya, alikuwa fundi cherehani mjini Bukoba. Jina lake Clavery, lakini watu wengi walimjua kwa jina la Fundi tu. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa la Mzee Umedbhai. Mteja alinunua poplini au khaki ndani, akatoka nje kupimwa, na wawili hao waliishi hivyo tangu kabla ya Uhuru. Kila asubuhi Tata alileta kahawa za kutafuna kwenye kikopo, Umedbhai akachukua punje chache, naye akachukua zake, ndipo kazi ianze. Tata alikuwa na msemo wake alioupenda kuliko sala: "Nguo ikiingia mikononi mwangu haitoki na tundu."

Samaki aliletwa kutoka Kampala na shemeji yake Umedbhai. Alikuwa na mapezi marefu yanayopepea, mekundu yenye buluu kwa ndani, na wateja walisahau bei wakimtazama. Umedbhai alitueleza kwamba madume wa aina hiyo hawawezi kukaa wawili, watararuana mpaka mmoja afe. Kwa hiyo aliishi peke yake ndani ya chupa ya peremende, kwenye kaunta, karibu na mzani wa vifungo.

Mwaka wa sabini, macho ya Umedbhai yakaanza kuingia ukungu, ikabidi aende Nairobi kupasuliwa. Binti yake Geeta angebaki na duka, lakini Geeta alikuwa na wateja wa kuangalia, na paka wa kufukuza panya, na paka hakuwa wa kuaminiwa. Umedbhai akamwita Tata ndani.

"Chakula chake ni hiki," alisema, akimwonyesha kijikopo. "Kile tu kinachonata kwenye ncha ya kidole, mara moja kwa siku. Maji, kila baada ya siku mbili tatu punguza kidogo, ongeza mengine yaliyokaa kutwa. Nakuamini, Fundi. Huyu ni mgeni wako."

Masikini Tata! Alisikia neno la mwisho tu.

Nyumbani kwetu mgeni hakulishwa kwa ncha ya kidole. Mgeni alipewa kahawa, akapewa ndizi, akapewa tena, na alipoweka mkono juu ya sahani kukataa, ndipo uliona kwamba umeanza kumkaribisha. Chupa iliwekwa juu ya meza ya sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na majirani wakaja kumwamkia mgeni. Hawakuja mikono mitupu. Huyu alileta dagaa waliopondwa, yule kiini cha yai. Na kwa kuwa ulikuwa Novemba na senene, wale panzi wa kuliwa, wameanguka, ingekuwa aibu gani kula senene mbele ya mgeni bila kumpa? Tata mwenyewe aliwanyofoa mabawa na miguu, akawakatakata kwa mkasi wake wa kazi, akawadondosha majini. Samaki alirukia vile vya kwanza kwa hamu. Vingine vikazama.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema jirani yetu Rutashobya, akicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu wenu atalishika kwa mkono gani?"

Mama alikuwa wa kwanza kutazama chini ya chupa, ambako vipande vya senene na dagaa vilikuwa vimeota ukungu mweupe. Alichukua kijiko cha mpini mrefu avitoe. Tata akamshika mkono.

"Felicitas, unamwondolea mgeni sahani mbele yake?"

"Havili tena, vimeoza."

"Atakula akitaka. Sahani haiondolewi mpaka mgeni mwenyewe ashibe."

Maji nayo Tata hakuyapunguza, maana kumwaga maji ya mgeni hakukuonekana adabu. Aliongeza tu yalipopungua. Yakawa na rangi ya uji mwepesi. Kisha ikaja harufu. Mama, aliyekuwa amelea watoto watano, aliijua mara moja. Ni ile ya nguo za mtoto zilizolala na mkojo.

Halafu mapezi yakaanza kufumuka.

Tata aliona mapema kuliko sisi, kwa sababu alikuwa na jicho la pindo. Kwanza ncha za mkia zikawa nyeusi, kama zimeunguzwa na pasi. Zikafuata nyuzi, kisha matundu, na mwisho kipande kizima kikadondoka kikaelea. Samaki alikaa juu, akihema, matamvua ya kupumulia yamewiva. Tata aliizunguka meza akitafuta mwiba, ufa wa kioo, chochote.

"Nani anamchana?" aliuliza. "Yu peke yake. Nani anamchana?"

Akafikiri labda ni njaa, akamwongezea senene.

Siku hali ilipozidi, alichukua kitambaa cha poplini nyeupe akaifunika chupa. Majirani wakija, aliwasimamisha mlangoni, mlango nusu, akasema mgeni amepumzika. Mnaojua nyumba za kwetu mtaelewa maana yake. Mhaya anazuia watu mlangoni pake, hawapi hata kahawa! Watu waliondoka wakitazamana. Mjini nako, Geeta alipouliza, "Fundi, samaki hajambo?" alimjibu, "Hajambo kabisa, ananenepa." Baada ya hapo akasema mgongo unamuuma, akaacha kwenda barazani. Alishinda nyumbani kando ya kile kitambaa cheupe kama mtu anayelinda maiti, na sisi watoto tulicheza bila kupiga kelele.

"Nenda kwa Geeta," Mama alimwambia. "Yeye anajua. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua."

"Nimwambie nini? Kwamba nimeshindwa kumlisha samaki?"

"Hukushindwa kumlisha, Baba Theopista," alisema Mama. "Umemlisha."

Ningecheka, kama ningekuwa nyumba nyingine.

Shangazi yake Tata alipofariki huko Muleba, na Tata akaondoka asubuhi kwa basi kwenda kuzika, Mama hakungoja basi lipotelee mbali. Alikunja kanga. Ndiyo asubuhi ile niliyoanza nayo.

Dukani, Geeta hakucheka. Aliishika chupa, akanusa, akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Mama Theopista, huyu anaungua."

"Anaungua majini?"

"Choo chake na chakula kilichooza vinageuka sumu humohumo anamohemea. Shuleni walituambia inaitwa amonia. Inamchoma mapezi, inamchoma matamvua." Alikuwa tayari ameshika ndoo na mrija wa mpira. "Tusibadilishe maji yote kwa mara moja, atashtuka afe. Leo tunatoa theluthi, kesho theluthi, hivyo hivyo mpaka yatakate. Maji mapya yawe yamekaa kutwa. Na asile kitu kwa siku mbili hizi. Hata akikuomba kwa macho."

"Na mkia?"

"Utaota, ila polepole. Utaanza bila rangi, kama nailoni. Usiogope ukiona hivyo."

Tulipomaliza, Mama alishusha sauti, ingawa dukani hakukuwa na mtu. "Utamwambia baba yako?"

Geeta alichukua kitambaa kilichokuwa kimekwisha kukunjwa, akakikunja tena.

Tata aliporudi kutoka msibani aliikuta chupa wazi mezani, maji yamepungua ukungu. Mama alimweleza yote amesimama. Nilingoja kelele.

"Umepita nayo sokoni?" aliuliza.

"Nimepita nayo sokoni."

"Kichwani?"

"Kichwani."

"Basi," alisema. Chakula kilipoletwa hakukigusa.

Lakini tangu jioni ile alimwuguza samaki yule kama hakuna kazi nyingine duniani. Aliipima chupa kwa futi yake ya kupimia nguo, akaigawa sehemu tatu, akafunga uzi mweusi kuizunguka pale theluthi ilipoishia, ili asitoe maji zaidi wala pungufu. Ile harufu ikaisha. Samaki akaacha kuhema. Pembezoni mwa ule mkia uliochakaa ukaanza kuota ukingo mwembamba usio na rangi, na Tata akauchungulia kila siku, miwani puani.

Umedbhai alirudi baada ya Krismasi. Alishushwa kwenye gari akiwa na miwani myeusi, mkono begani kwa Geeta. Upasuaji haukufaulu. Aliona mwanga wa mlango na giza la watu, basi. Kesho yake asubuhi Tata aliibeba chupa mpaka dukani, mimi nikiwa nimeshika kifuniko. Alikuwa amejiandaa njiani. Nilimsikia akinong'ona maneno ya kuomba radhi, akiyapanga na kuyapangua. Akaiweka chupa kwenye kaunta. Umedbhai aliipapasa mpaka akaipata, akatabasamu.

"Mkia wake ukoje, Fundi?"

Geeta alikuwa nyuma yake. Alimtazama Tata. Nami nilimtazama Tata, na nikamwona akiitazama ile miwani myeusi.

"Vilevile, Mzee," alisema. "Kama ulivyomwacha."

Vidole vya Umedbhai vilikuwa vimefika kwenye uzi. "Na huu?"

"Wa kupimia maji."

"Ah. Fundi ni fundi." Akaisukuma chupa taratibu kumrudishia. "Kaa naye. Mimi nitamtazama kwa kitu gani? Wewe utakuwa unaniambia."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na nimeona watu wakitukanwa hadharani. Sijaona aliyepigwa kama Tata alivyopigwa kwa zawadi ile. Kila asubuhi, kikopo cha kahawa kikishafunguliwa, sauti ilitoka ndani: "Mkia wake ukoje?" Na kila asubuhi sauti ya barazani ikajibu: "Vilevile, Mzee." Tata, ambaye soga zake zilikuwa zikivuta wateja kutoka barabara ya pili, akawa mtu wa kushona tu. Watu walidhani ni ule mgongo.

Mwaka wa sabini na moja majengo yakataifishwa, na jengo la Umedbhai lilikuwamo. Redioni ilikuwa habari njema, na Tata, mwana TANU wa siku nyingi, alipiga makofi mkutanini kama wengine. Kisha akaja nyumbani akakaa mbele ya samaki. Umedbhai aliamua kwenda kwa dada yake Nairobi. Kufikia wakati huo mkia ulikuwa umerudi, mwekundu, wenye buluu kwa ndani, na Tata akasema tutampeleka mgeni akamuage mwenyeji wake.

Gatini, zinapofunga meli za ziwani, kulikuwa na kelele za wapagazi na magunia ya kahawa. Umedbhai alikuwa amekaa juu ya sanduku, Geeta kando yake. Tata aliiweka chupa magotini mwa Umedbhai, akavishika vidole vya mzee akaviweka kwenye kioo.

"Mzee," alisema, "leo mkia wake umetimia."

"Leo?"

"Leo."

Umedbhai aligeuza uso ukaelekea ziwani.

"Geeta aliniambia usiku uleule niliorudi," alisema. "Nilikuwa nakuuliza kila siku, Fundi. Nilisema labda asubuhi moja..."

Meli ikapiga honi, au labda hakutaka kumaliza. Alitia mkono mfukoni, akatoa punje za kahawa, akampa Tata kama mwenyeji anavyompa mgeni. Tata alizipokea kwa mikono miwili. Mimi nilidhani atasema kitu. Alisema, "Safari njema, Mzee," akaichukua chupa.

Kahawa Tata hakuzitafuna njiani, alizishika kiganjani mpaka Kashai. Alipokwisha kuiweka chupa mezani, alivuta kiti, akakaa, akaniita.

"Theopista. Mkia wake ukoje?"

Niliinama nikautazama vizuri kabla ya kujibu. Kwa juu, karibu na mgongo, palikuwa na tundu dogo, kama lililotobolewa kwa ncha ya sindano.

"Kuna mahali hapajafunga, Tata," nikasema. "Hapa."

Aliitikia kwa kichwa. Hakusogea kutazama.

"Hata kule gatini nilikuwa napaona," alisema.