Chumvi ya Mapanki

"Hivi Mama Gladi, ni kweli binti yako yuko chuo kikuu anasomea mifupa ya samaki?" Akeyo aliwahi kumuuliza Getruda, wakaanga samaki wote wa pale Mirongo wakisikia. "Si angebaki hapa hapa kwenye karai, nimfundishe bure?"

Wakacheka. Getruda naye alicheka, kisha akaeleza kama alivyoelezwa. Gladness anasomea vitu vinavyotengenezea vitu vingine. Likizo hii ndefu amepata nafasi ya utafiti kwenye maabara moja hapa Mwanza. Wanachoma mifupa ya sangara mpaka iwe unga, na unga huo uchuje yale maji ya visima yanayowatia watoto meno ya kahawia.

Leo asubuhi hakucheka. Mapanki, ile mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, yalikuwa yanachemka kwenye mafuta. Gladness amekaa kwenye kigoda, koti lake jeupe la maabara mapajani, chai hajaigusa.

"Kunywa chai, mama," Getruda alimbembeleza.

"Sitaki. Leo Bwana Venant anajaza fomu yangu. Ataandika mzembe."

"Umefanya nini?"

"Sijui! Unga umekataa mara tatu. Mashine inaonyesha chumvi tupu, na mifupa imelika kama imelowekwa kwenye asidi. Anasema nimechafua sampuli. Akiandika hivyo, nafasi ya kurudi mwakani nimeikosa. Na chuoni wataisoma."

Kijiko cha matundu kikasimama mkononi mwa Getruda.

Mifupa ilipaswa kuletwa na gari la maabara. Wiki ya kwanza gari lilikwenda na mkubwa Sengerema. Wiki ya pili halikuwa na mafuta. Ya tatu, Bwana Venant, msimamizi wake, akasema, "Wewe si mwenyeji hapa? Jiongeze." Gladness akajiongeza. Akamwomba mama yake ndoo ya mapanki kila Jumatatu. Na kila Jumapili, akitoka kanisani, Getruda aliyaosha kwa ndimu na chumvi, akayaacha yamelowekwa mpaka kesho yake. Hakuna aliyemtuma. Aliona haya mifupa ya nyumbani kwake ikanuke mbele ya wasomi.

Alitaka kusema, lakini Gladness alishasimama, ananusa mkono wa koti.

"Linanuka mafuta?"

"Halinuki," Getruda alisema. Lilikuwa linanuka.

Binti alipoondoka, Getruda alimwachia Akeyo karai. Akaimimina ile chai kwenye chupa, akaitia kikapuni, akajifunga kitenge chake cha kanisani. Njia nzima alisali sala moja fupi: Bwana, nisaidie niseme kweli.

Mlinzi wa geti la maabara alimnyooshea kidole kabla hajasalimia. "Mapanki zungusha kule jikoni, mama."

"Sijaleta mapanki."

"Mbona yananukia?" Akafungua daftari la wageni. "Haya, shida yako nini?"

"Nimekuja kuungama."

Mlinzi alifikiri kidogo, akaandika: *Binafsi*. Akamkalisha kwenye benchi mpaka saa nne na nusu.

Bwana Venant alisema shikamoo bila kuinua kichwa. Gladness alikuwa amesimama kando ya meza yake. Alipoona nani ameingia, akashika ukingo wa meza.

"Marahaba, baba," Getruda alisema. "Nimekuja kwa ajili ya ile chumvi. Ni mimi. Nilikuwa naosha mifupa kwa ndimu na chumvi ili isinuke. Huyu binti hana kosa."

Bwana Venant alivuta daftari la sampuli, akafunua kurasa polepole.

"Gladness. Hapa umeandika sampuli zimetoka kiwandani moja kwa moja. Sasa huyu ni nani?"

Gladness hakumtazama mama yake usoni. Aliangalia ndala zake, na magamba mawili ya samaki yaliyokaukia kidoleni.

"Huyu mama..." Akakunja mkono wa koti. "Huyu mama huwa ananiuziaga mapanki. Aliniambia yametoka kiwandani hivyo hivyo."

Getruda alingoja neno moja tu lifuate. Mama yangu. Halikuja.

Bwana Venant alimtazama mmoja, akamtazama na mwingine. Wote wawili walikuwa na mwanya uleule wa meno ya mbele.

"Ni kweli, mama?"

Tangu amzike mumewe, miaka kumi na mmoja, Getruda alikuwa anaomba jambo moja kila asubuhi: asije akala wala akasema kisicho haki. Alikunja ncha ya kitenge kidoleni.

"Kweli, baba. Ananunua kwangu."

"Ndiyo matatizo ya hawa wachuuzi." Bwana Venant alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akavuta fomu, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Sampuli zilichafuliwa na mchuuzi. Mwanafunzi hahusiki." Habari ya gari hakuiandika. Akagonga muhuri. "Umepona, binti. Siku nyingine uwe makini na watu wa barabarani."

"Asante," Gladness alisema. Kisha, bado anaangalia chini: "Asante... mama."

Getruda aliinua kikapu chake. Chupa ya chai ilikuwa imechomoza shingo, na mfuniko wake ulikuwa umeandikwa kwa rangi ya kucha, tangu enzi za shule ya msingi: GLADNESS. Aliufunika kwa kitambaa, akahakikisha hakuna herufi inayoonekana, akatoka.