Korongo wa Dirisha la Sebuleni

Kwa miezi minane madirisha ya nyumba ya Nanjala, pale Kileleshwa, yalivaa magazeti. Aliyabandika mwenyewe kwa uji wa unga wa ngano siku ile yeye na mumewe Sifuna walipohamia, akasema ni ya wiki moja tu, mpaka mapazia yawe tayari. Wiki ikazaa wiki. Jua likayachoma magazeti yakawa rangi ya chai. Timu iliyokuwa ikishangilia kikombe kwenye dirisha la sebuleni ilikwisha kupokonywa kikombe hicho, na bado ilishangilia pale pale kiooni.

"Mwalimu, dirisha lako nimelimaliza lote," jirani yake Mabruka, mama Taib, alimwambia siku moja akipita kibarazani. Alikuwa mama wa makamo kutoka Mombasa, mwenye sauti ya kufika jikoni kabla yake. "Nimebakisha tanzia tu. Hebu geuza karatasi, nami nipate habari za upande wa pili."

Nanjala alicheka, akainamisha uso.

Si kwamba kitambaa hakikuwapo. Kilikuwapo tangu mwezi wa kwanza, yadi kumi na mbili, kimekunjwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Kilikuwa cha kijani, kina korongo weupe wakubwa wanaoruka. Mwenye duka kule mjini aliwaambia kwamba hilo ndilo jora la mwisho, na hataleta jingine. Laiti asingesema. Tangu siku hiyo kila Nanjala alipokitandaza alipima, akaandika vipimo daftarini, akapima tena, akakikunja.

Aibu yake ilikuwa kwamba ushonaji ndio uliokuwa kazi yake. Alikuwa mwalimu wa ushonaji na upishi katika shule moja ya wasichana huko Waithaka. "Kateni," aliwaambia wanafunzi wake, "kitambaa hakiumi." Lakini mkasi walishika wao, yeye alishika chaki. Alipokuwa chuoni aliwahi kukata blauzi ikatoka na mikono miwili ya kushoto, na mkufunzi akaitundika mlangoni kwa muhula mzima, ili kila aingiaye ajifunze. Nanjala aliingia na kutoka chini ya blauzi ile kwa wiki kumi na tatu. Alihitimu kwa alama nzuri sana. Tangu hapo hakukata kitu kisichoweza kununuliwa tena.

Jumatano jioni, wakila, Sifuna alisema bila ukali, "Jumamosi nikitoka kazini saa saba nitapitia hapa nichukue kile kitambaa. Nitampelekea Ogutu."

"Ogutu yupi?"

"Fundi wangu wa River Road. Nimeshamwambia."

"Anayekushonea suruali?"

"Suruali na pazia, vyote si nguo? Nanjala, wageni wakija nawaambia tunapaka rangi. Miezi minane tunapaka rangi! Watu wataanza kuuliza ni kanisa gani tunalolipaka."

Nanjala alianza kukusanya sahani. Alijua kuwa mumewe ana haki. Alijua pia kwamba kitambaa kile kikishatoka mlangoni kwenda kwa Ogutu, Jumatatu hataweza tena kusimama mbele ya wale wasichana akawaambia wakate.

Jumamosi Sifuna alipoondoka tu, Nanjala alikitandaza kitambaa sebuleni, akapiga magoti, mkasi mkononi. Ikafika saa tatu. Ikafika saa nne. Maharagwe aliyoyabandika jikoni yalikuwa yameanza kuchemka, na mkasi ulikuwa umeshika joto la kiganja chake.

"Hodi! Mwalimu, upo?" Mabruka aliingia kabla ya kukaribishwa, doti ya leso mpya begani. "Niazime cherehani. Kesho nina harusi Pumwani, na leso haijapindwa." Akamtazama pale chini. "Na wewe hapo unasali au unashona?"

"Napima, Mama Taib."

"Bado?"

Hakungoja jibu. Alikunjua ile doti, leso mbili zilizotoka kiwandani zimeungana, akatafuta katikati kwa macho, akauma ukingo kwa meno, akaushika kwa mikono miwili na kuvuta. Kitambaa kikapasuka kwa mlio mmoja mrefu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuzama.

"Mama Taib! Hujapima!"

"Nipime nini? Huku moja, huku moja. Tangu nivunje ungo napasua leso hivi."

"Lakini tazama, imekwenda upande." Kweli, mpasuko ulikuwa umepotoka vidole viwili na kula kipande cha pindo.

Mabruka alitazama kama mtu aliyeonyeshwa inzi. "Imekwenda," akakubali. "Basi hii itakuwa ya chini. Nani ataniinamia miguuni harusini na rula?" Akakaa kwenye cherehani, akapinda leso zote mbili huku akisema juu ya bei ya nazi za Nairobi, akashukuru, akaenda zake.

Nyumba ikanyamaza. Nanjala alibaki na mlio ule masikioni. Baadaye, alipojaribu kukumbuka aliamua saa ngapi, hakuweza. Alikumbuka tu kwamba daftari lilikuwa mbali, kwenye meza, na hakuinuka kulifuata. Alikata ukingo kwa ncha ya mkasi, akashika pande mbili, akavuta.

Kitambaa kilipasuka sawasawa mpaka upande wa pili. Akapasua kipande cha pili. Akapinda, akashona, na saa sita na nusu akapanda kwenye kiti kuyatundika mapazia. Magazeti aliyalowesha na kuyabandua. Mwanga ukaingia sebuleni kama mgeni asiyejua akae wapi.

Kisha akayafunga mapazia yakutane katikati.

Miezi minane aliogopa mapazia yatakuwa mafupi. Aliogopa yatapinda. Kosa lililokuja halikuwamo daftarini. Mchoro wa kila korongo wa ukingoni ulianzia kwenye pazia moja na kumalizikia kwenye la pili, na yeye alikuwa amepasua vipande viwili kwa kufuatana, bila kulinganisha ndege. Sasa vichwa vilikuwa vimepanda juu na viwiliwili vimeshuka chini, vikiachana shibiri nzima. Korongo mmoja alikuwa na miguu begani. Mwingine hakuwa na kichwa kabisa. Mdomo wake ulimtoka mwenzake tumboni.

Nanjala alikaa juu ya kile kiti alichokuwa amepandia. Aliisubiri aibu ya ile blauzi, na wiki zake kumi na tatu. Maharagwe yalichemka. Kibarazani mtu alipita akipiga mluzi. Akainuka, akaenda kuyatia chumvi maharagwe.

Saa saba na nusu Sifuna aliingia, mfuko wa kubebea kitambaa tayari kwapani. Akasimama mlangoni.

"Umeyashona."

"Ndiyo."

Alizunguka akitabasamu, akakaribia dirisha, kisha akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande mwingine. "Huyu ndege..."

"Nimemwona."

"Ana miguu..."

"Nimeiona, Baba."

Kutoka kibarazani, nyuma ya kioo, sauti ya Mabruka ilidakia: "Na mie nimemwona! Mwalimu, afadhali gazeti, lilikuwa na picha zinazoeleweka!" Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini nyumba sasa ina watu, wallahi. Yafungue tu mchana, mwenzangu, usiku tutawasamehe."

Sifuna alijaribu kutocheka, akashindwa. Nanjala alishangaa kujisikia naye anacheka, mkono mdomoni.

"Sasa," Sifuna alisema akifuta macho, kwa upole, "cha chumbani kilichobaki, nimpelekee Ogutu? Si kwa ubaya."

Nanjala alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alitandaza yadi zilizosalia, akavuta ukingo mmoja juu ya mwingine mpaka kichwa cha korongo kikakaa kwenye shingo yake. Kwa kulinganisha hivyo, pazia la chumbani lingepungua vidole vinne kufika chini ya dirisha. Alipima kwa mkono wake, mara moja. Vidole vinne.

"Basi litapungua," alisema, akatia ncha ya mkasi ukingoni, na mumewe akasikia jibu lake likipasuka kutoka upande huu wa chumba hadi upande ule.