Joto la Bwana Rakowski

Mgeni aligonga mlango saa nne asubuhi, theluji bado mabegani, mfuko wa spana mkononi.

"Mimi fundi. Radieta inayogoma iko wapi?"

"Mbona sijaita fundi?"

"Najua." Akavua viatu mlangoni, soksi moja ina tundu. "Aliyeniita yuko chini, na hataki kutajwa."

Nikamwonyesha chumba cha mama. Radieta ya kupashia chumba joto ilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahaulika. Kando yake mama alilala na koti majira matatu ya baridi, hadi mapafu yakamshinda, Machi iliyopita. Kila niliposhuka kwake kulalamika, mwenye nyumba, bwana Rakowski, alinifungulia mlango akiwa na fulana, jasho shingoni.

"Joto hupanda lenyewe, binti. Nyie wa juu ndio mnaofaidi! Mvalishe mama sweta."

Siku niliyompelekea habari za msiba, bado alikuwa na fulana. Tangu hapo nilikuwa nikimtafutia siku yake.

Tukashuka. Rakowski alikuwa kazini. Aliyetufungulia ni mama yake, bibi Bronka, wa miaka themanini na mitatu. Fundi akapiga magoti, akabandua kifuniko cha plastiki upande wa pili wa kila radieta. Chini yake kulikuwa na koki ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuigusa.

"Zote wazi kabisa," akasema. "Maji ni mavivu, yanafuata njia fupi. Yanazunguka hapa chini, yanarudi kwenye boila yanakochemshwa. Wewe unaletewa makombo."

Akazibana moja moja huku akihesabu mizunguko, na kando ya kila koki akachora alama ya penseli ukutani kuonyesha iishie wapi.

Bibi akanishika kiwiko. "Nilimsikia mama yako akikohoa, mwanangu. Nimechelewa. Huyu mtoto wangu Bogumił akijua ni mimi niliyemwita fundi, atanipeleka nyumba ya wazee, ameshanitisha. Niahidi hutasema."

"Naahidi, bibi."

Fundi alikuwa na basi la kuwahi. Akaniachia spana ndogo nirekebishe mwenyewe maji yakishatulia: robo mzunguko, si zaidi.

Saa tisa nikashuka tena. Bibi alikuwa ameniachia mlango wazi, akasinzia. Chumba chake sikukigusa. Lakini sebuleni kwa mwanawe, na chumbani kwake, nilifunga koki, nikafunga, mpaka spana ikagoma. Nilipanda ngazi nikicheka peke yangu.

Saa moja jioni Rakowski akapanda, kofia kichwani, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Binti, kwangu kumekuwa jokofu! Kwako vipi?"

Joto likampiga usoni. Nilikuwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi. Niliivaa makusudi, nikamngoja.

"Joto hupanda lenyewe, bwana Rakowski. Vaa sweta."

Akanikodolea macho. Kisha akaiona spana mezani.

"Jirani kaona mtu na mfuko wa vyuma. Nani kamwita fundi? Nani kaingia kwangu?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Mama yako mwenyewe, kwa sababu anaona aibu kwa ajili yako. Hakuna kitu ambacho kingemuumiza zaidi, na nilikitaka kama mtu anavyotaka maji. Nyuma yake, ngazi ya nne kutoka chini, bibi Bronka alikuwa amesimama, mikono miwili kwenye kishikizo cha ngazi.

"Sema! Nani?"

"Mimi. Nilimwita mimi, tukaingia mama yako akiwa amelala."

"Basi mwezi ukiisha, uhame. Sitaki kukuona hapa."

Nikageuka kutazama chumba cha mama. Dirisha lake lilikuwa limeyeyuka barafu yote, kwa mara ya kwanza. Nikachukua spana. Bibi naye hukaa sebuleni jioni, na baridi ile ile ingempata. Nikampita Rakowski, nikashuka, na bibi akajibana ukutani kunipisha. Mkono wake uligusa wangu.

Nikapiga magoti, nikafungua koki ya sebuleni kwa mwanawe hadi kwenye alama ya penseli.